Kompyuta Iliyovalishwa Mbao

Bi Taipu alikuwa na vidole visivyojua kutembea. Vilijua kukimbia tu. Katika ofisi ya idara ya maji, alikokuwa karani wa kupiga chapa, mtu aliyepita kwenye korido hakuhitaji kuchungulia mlangoni ili ajue kama amefika kazini. Taipureta yake ilikuwa ikilia kama mvua ya mawe juu ya bati. Jina lake halisi lilikuwa kwenye hati ya mshahara. Kwingine kote, kuanzia kwa mlinzi wa getini hadi kwa mkuu wa idara ghorofa ya juu, alikuwa Bi Taipu.

Alikuwa na miaka thelathini na minne asubuhi ile alipokuta kompyuta saba zimerundikwa chini ya ngazi, waya zikining'inia kama matumbo. Kompyuta hizo alizijua vizuri. Kwa miaka minne alikuwa akigombea zamu ya kuzitumia, saa moja leo, nusu saa kesho, kwa sababu makarani wakubwa walizishikilia kama kiti cha mbele. Sasa zimekuja mpya, na hizi zinangoja gari la taka. Bi Taipu alisimama pale na pochi yake begani, moyo ukimdunda. Hakuvua hata sweta. Alipanda ngazi moja kwa moja mpaka mlangoni kwa mkuu.

"Mkuu, zile za chini ya ngazi zinakwenda wapi?"

"Jalalani. Gari linakuja Alhamisi."

"Naomba moja."

"Ya nini, Bi Taipu? Zile zimechoka."

"Hata mimi nimechoka, mkuu, na bado nakuja kazini."

Mkuu alicheka mpaka akavua miwani kufuta macho. Akaandika kikaratasi, akakigonga muhuri, na saa kumi na nusu jioni Bi Taipu alikuwa barabarani, anatembea kando ya mkokoteni uliobeba kompyuta iliyofunikwa kwa shuka. Kila gurudumu lilipoangukia shimo aliruka kama aliyechomwa sindano, akamwambia mwenye mkokoteni, "Polepole, baba, polepole, humo ndani mna mgonjwa."

Nyumbani walikuwa wanne, ukiacha pacha wake wawili waliokuwa na miaka sita na kazi yao kubwa ilikuwa kukimbizana. Mumewe alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, na unga wa mbao uliingia mpaka kwenye sukari. Mama mkwe aliishi nao, mwanamke mwenye mdomo mwepesi na masikio mepesi zaidi. Na mlango wa pili alikaa shemeji yake, mdogo wa seremala, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Redio.

"Mama Pacha," seremala akasema, randa mkononi, "hilo sanduku tunalipeleka wapi?"

"Kwenye meza yako ndogo ya kona, Baba Pacha."

"Ile meza nimemtengenezea mteja."

"Basi mtengenezee nyingine."

Walipoiwasha, ikatoa mlio mmoja mfupi, piii, kisha kioo kidogo chenye weusi wa chungu kikaanza kuandika tarakimu kwa rangi ya kijani. Zilipanda, zikapanda, zikaishia 4096. Mama mkwe alikuwa amevuta kiti karibu.

"Picha zinaanza saa ngapi?" akauliza.

"Haina picha, mama. Ni ya kuandikia."

"Televisheni isiyo na picha!" Akamgeukia mwanawe. "Mkeo ameletewa redio bubu."

Bi Taipu hakujali. Aliketi, akanyoosha vidole, akaandika jina la mumewe, la mama mkwe na majina ya wale pacha, kisha akayafuta yote kwa kubonyeza mara moja tu, akayaandika tena kwa mpangilio mwingine. Yeye aliyezoea kurudia ukurasa mzima kwa sababu ya herufi moja! Aliandika barua ambayo hakukusudia kumtumia mtu yeyote, kwa raha tu ya kuona sentensi ikihama kutoka chini kwenda juu bila kupakwa wino mweupe.

Haikuchukua muda majirani wakajua. Mmoja alitaka barua ya kuomba kazi, mwingine tangazo la chumba, kikundi cha akina mama wa mtaa wakataka katiba yao ichapwe. Kazi ziliongezeka, na hapo ndipo uchovu wa mashine ulipoonekana. Fundi mmoja wa ofisini alikuwa amemwekea ule mfumo wa madirisha na kipanya, mambo mazuri ya kutazama, lakini mashine ilizidiwa. Ukifungua barua, unaweza kwenda kuosha vyombo ukarudi, ukakuta bado inafungua. Taa yake ndogo nyekundu iliwaka bila kupumzika, na diski ya ndani ilikoroma kama mtu mwenye mafua.

"Shemeji," akamwambia Fundi Redio Jumamosi moja, "hebu njoo na bisibisi yako."

"Mimi ni wa redio, shemeji. Hizo sizijui."

"Hata mimi sizijui. Tutakuwa wajinga wawili, si afadhali?"

Alikuwa amepata ruhusa ya kuvichukua vipuri vya kompyuta nyingine ya ofisi iliyoungua. Tena alikuwa amesoma kijitabu kilichokuja na zile mpya, akakisoma mpaka kurasa zikalegea, na humo alijifunza kwamba mashine ina kumbukumbu ya kazi: vijiti vyembamba vyenye meno ya rangi ya dhahabu, na vijiti vikiwa vichache, mashine hukosa pa kushikia mambo. Yake ilikuwa na kijiti kimoja. Ile iliyoungua ilikuwa na viwili, tena vikubwa mara mbili.

Wakafungua bati. Ndani kulikuwa na vumbi la kutosha kupanda mchicha. Fundi Redio akapuliza, wote wawili wakapiga chafya. Bi Taipu akakishika kijiti kwa ncha za vidole, akakiingiza kwenye nafasi yake, akarudisha waya, akawasha.

Piii. Piii. Piii. Kioo kikabaki cheusi.

"Umeiua," mama mkwe akasema kutoka kwenye kiti chake.

Bi Taipu aliruka kwenye swichi. Akazima. Akakitoa kijiti, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaona yale meno ya dhahabu yamefunikwa na ukungu mwembamba. Akaenda kwenye mkoba wa shule wa pacha mmoja, akachukua kifutio cha penseli, akayasugua meno yale taratibu, moja moja, mpaka yakang'aa. Safari hii alikibana kwa dole gumba huku anasikiliza. Kikalia: tki! Akakifuatisha cha pili. Tki!

Piii, mara moja. Tarakimu zikaanza kupanda. Zikafika 4096 na hazikusimama. Zikapita elfu nane. Zikapita elfu kumi na mbili. Fundi Redio alikuwa amemshika seremala shati. Zikapita elfu kumi na sita, zikaenda kutulia 20480.

"Ishirini!" Bi Taipu akapiga kelele. "Kutoka nne hadi ishirini! Baba Pacha, umeona? Umeona wewe?"

Seremala hakujua ishirini ya nini, lakini alimwona mkewe anaruka juu chini na bisibisi mkononi kama aliyefunga goli, naye akajikuta anapiga makofi. Barua iliyokuwa ikichukua muda wa kuosha vyombo ikafunguka kufumba na kufumbua. Kuanzia siku hiyo Bi Taipu hakuwa mtu wa kuandika tu. Alikuwa mtu wa kufungua.

Na aliyefaidi zaidi alikuwa mama mkwe. Ndani ya ule mfumo mlikuwa na mchezo wa karata, na siku moja ya mvua, kwa kukosa la kufanya, akaomba aonyeshwe. Wiki ya kwanza alikishika kipanya kama anashika panya wa kweli. Wiki ya tatu alikuwa akiwafukuza watu. Kila siku baada ya chakula cha mchana, kiti kile kilikuwa chake, na ole wake mteja aliyekuja na barua yake ya kuomba kazi.

"Ngoja kwanza," alikuwa akimwambia, bila kugeuka. "Nimebakiwa na mfalme wa kopa."

Miaka ikaenda, na mashine haikubaki ile ile. Mwaka mmoja Bi Taipu aliiongezea diski ya pili. Mwaka mwingine akaiwekea kisomeo cha sidii. Kioo cha kijani kikafa, kikaja cha rangi, kizito kama gunia la saruji. Kila kitu kilipatikana kutoka mahali fulani: ofisi iliyokuwa ikihama, duka lililofungwa, kompyuta ya mtu iliyoanguka ngazi. Mtaa ulimzoea. Ukiwa na kitu chenye waya ambacho hukitaki, unampelekea Bi Taipu, naye anakupokea kwa meno yote thelathini na mbili kama umemletea mtoto mchanga.

Mwaka wa nane akapata bodi kubwa mpya, lile bamba ambalo vitu vyote vya ndani huchomekwa. Mpya kwake, maana ilikuwa imeshatumika na mtu mwingine miaka mitatu. Tatizo ni kwamba haikuenea kwenye lile sanduku la bati. Aliigeuza huku, akaigeuza kule, matundu ya skrubu hayakulingana hata moja.

Seremala alikuwa amesimama mlangoni anatazama, mikono kiunoni.

"Inataka nafasi gani?" akauliza.

"Sentimita thelathini na moja kwa ishirini na tano. Na juu lazima pabaki pa kupumulia."

Seremala alichukua futi yake, akapima, akachora kwa penseli juu ya kipande cha mbao, akarudi karakana. Kwa siku tatu alimkataza mkewe kuingia. Siku ya nne akatoka amebeba sanduku la mbao ngumu nyekundu, limepigwa msasa likawa laini kama shavu, pembe zake zimeshikana bila msumari hata mmoja. Ndani alikuwa amebakiza lile bati la zamani la kushikia bodi, amelitoboa matundu mapya. Mbele kulikuwa na dirisha la kuingizia sidii, na chini yake ufa mwembamba.

"Huu wa nini?" Bi Taipu akauliza, kidole kwenye ufa.

"Si wa zile disketi zako za kuhifadhia barua? Umezijaza droo nzima. Nilidhani bado unazitumia."

Alikuwa hazitumii sana, ila alikuwa na barua za watu za miaka minane humo, hivyo akakifunga kisomeo cha disketi mahali pake. Akaunga waya, akawasha, na mashine ikaamka ndani ya vazi lake jipya. Kwa dakika ishirini kila mtu alikuwa na furaha. Kisha nyumba ikaanza kunukia mbao mbichi iliyowekwa juani, na paa! ikajizima.

"Inatokwa jasho," mama mkwe akasema. "Mmemvalisha koti mgonjwa wa homa."

Seremala aliona haya kidogo, maana fundi ni fundi. Akachukua keekee, akatoboa safu tatu za matundu upande mmoja na safu tatu upande wa pili, akakata duara juu, na Fundi Redio akafunga feni iliyotolewa kwenye mashine ya kunakilia karatasi. Upepo ukapita. Joto likashuka. Watu wakawa wanakuja kutazama tu, na mteja mmoja akamwagiza seremala kabati la nguo lenye matundu kama yale, akidhani ni mtindo.

Kulikuwa na balaa moja dogo. Mfumo mpya alioweka Bi Taipu ulikuwa wa bure, mzuri, mwepesi, lakini haukuwa na ule mchezo wa karata. Mama mkwe alikaa kwenye kiti, akatafuta kwa kipanya kila pembe ya kioo, akainuka na kwenda kulala mchana. Siku mbili hakumsemesha mkwewe. Siku ya tatu Bi Taipu akampata mchezo mwingine wa karata wenye aina arobaini za kucheza, na yule bibi wa miaka sabini na moja akasema, "Kumbe walikuwa wananificha!"

Sasa sikiliza kilichotokea mwaka wa kumi na nane, wakati Bi Taipu alipokuwa na miaka hamsini na mbili, na ile mashine ya mbao imeshabadilishwa bodi kwa mara ya tatu.

Asubuhi moja ya Jumatatu mzee mmoja alibisha mlangoni, amevaa tai na kofia, amekumbatia kopo la biskuti. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya sekondari iliyokuwa nyuma ya soko. Seremala akampa kiti, Bi Taipu akampa maji, naye akaeleza. Wakati wa likizo bomba la maji lilikuwa limepasuka shuleni, ndani ya chumba cha kumbukumbu, na hakuna aliyejua kwa wiki mbili. Madaftari yote ya wanafunzi waliopita yakawa uji. Watu waliosoma pale zamani, wanaotaka kuthibitisha kwamba walisoma, wanarudi mikono mitupu.

"Lakini nilikuwa na karani," mzee akasema, "mtu mmoja makini sana. Kila mwaka alinakili orodha na matokeo kwenye hizi." Akafungua kopo. Ndani mlikuwa na disketi thelathini na nne, mbili kwa kila mwaka, zimeandikwa namba kwa mwandiko mzuri. "Nimezunguka maduka yote ya kompyuta. Vijana wananicheka. Mmoja ameniambia nizipeleke makumbusho. Hawana hata pa kuziingiza."

Bi Taipu alikuwa amekwisha kuinuka. Alimshika mzee mkono, akamvuta kama mtoto hadi kwenye sanduku la mbao, akamwonyesha ule ufa mwembamba. Mzee akautazama. Akavua kofia.

Bi Taipu aliomba likizo ya wiki moja ofisini siku hiyo hiyo. Mwalimu mkuu alifika kila siku saa mbili kamili, akakaa kwenye kiti kile kile, kopo magotini. Disketi ya kwanza ilipoingia ikasaga, krrr, krrr, na kioo kikaandika kwamba haisomeki. Ya pili vile vile. Ya tatu vile vile. Mzee akaanza kujikohoza.

"Subiri, mwalimu. Hatujaanza bado."

Alikisogeza kifuniko kidogo cha bati kilicho ukingoni mwa disketi, akaimulika ndani kwa tochi, akaona madoa meupe ya ukungu. Akaja na pamba na spiriti. Kwanza alijaribu kwenye disketi yake mwenyewe isiyo na kitu, asije akaharibu. Kisha akaisafisha ile ya mwalimu, anaizungusha kwa ncha ya kidole, anafuta kwa wepesi kama anayemfuta mtoto macho. Akakisafisha na kisomeo chenyewe. Akairudisha.

Krr. Kimya. Halafu sauti laini, tiki tiki tiki tiki, na taa ikawaka bila kukatika.

Faili likafunguka. Programu ilikuwa ile ile ya maandishi aliyojifunzia Bi Taipu ofisini akigombea zamu. Alikuwa ameiweka kwa sababu hakuwa na moyo wa kuifuta. Majina yakashuka kwenye kioo, mia moja na ishirini na sita, kila moja na namba yake na alama zake. Mwalimu mkuu akasimama wima na kuanza kuyasoma kwa sauti, kama anaita darasa.

"Huyu alikuwa mtoro! Huyu sasa ni daktari. Huyu... huyu alivunja dirisha la maabara, akasema ni upepo. Huyu, jamani, huyu dada alikuwa na akili!" Machozi yalikuwa yanamtoka, naye anacheka.

"Mwalimu, usisome kwanza, ninakili!" Bi Taipu naye anacheka. Alikuwa na sheria yake: kila disketi ikifunguka, nakala tatu hapo hapo. Moja kwenye diski ya ndani, moja kwenye sidii, moja kwenye flashi iliyoning'inia shingoni mwake kwa uzi. Kufikia Alhamisi jioni walikuwa wamefungua ishirini na nane.

Siku ile ya Alhamisi ndipo alipokuja mpishi wa hospitali. Habari zilikuwa zimeshaenea. Aliingia na aproni yake, anahema, mikono ina harufu ya vitunguu. Alikuwa amekubaliwa kwenda kusomea uuguzi baada ya miaka kumi na moja jikoni, lakini chuo kilitaka uthibitisho wa shule, na siku ya mwisho ilikuwa kesho yake saa sita mchana. Alitaja mwaka wake. Mwalimu mkuu akafuata orodha yake kwa kidole. Disketi namba ishirini na saba. Ilikuwa mojawapo ya zile zilizokataa.

"Njoo kesho saa mbili," Bi Taipu akamwambia. Hakujua kwa nini alisema kwa uhakika namna ile.

Ijumaa asubuhi, kabla ya mzee kufika, walikuwa wameinama juu ya disketi ile, yeye na Fundi Redio. Kipande cha ndani kilikuwa kizima na kisafi. Tatizo lilikuwa ganda: lilikuwa limepinda kwa unyevu, likakibana, hakizunguki.

"Shemeji," Fundi Redio akasema polepole, "kanda ya muziki ikikwama, mimi huwa naihamishia kwenye ganda jingine."

Walitazamana. Bi Taipu akachomoa disketi mpya kwenye droo. Fundi Redio akashika wembe. Akalipasua ganda jipya ukingoni, akatoa kipande chake, akakiweka kando. Kisha akalipasua lile lililopinda. Kile kiduara chembamba cheusi, chepesi kama ganda la kitunguu, kikalala kwenye kiganja cha Bi Taipu juu ya karatasi safi. Hakupumua. Akakihamisha, akakilaza mahali pake, Fundi Redio akafunga kwa utepe mwembamba wa gundi. Mpishi alikuwa mlangoni, mwalimu mkuu nyuma yake, seremala ameacha randa.

Tiki tiki tiki tiki.

"Inazunguka," Fundi Redio akanong'ona. "Shemeji, inazunguka!"

Faili likafunguka. Bi Taipu akaandika jina kwenye kisanduku cha kutafutia, na mstari mmoja ukageuka buluu. Lilikuwa pale: jina la mpishi, la baba yake na la babu yake, yote matatu, na namba, na alama za masomo manane. Mpishi alisogea karibu, akagusa kioo kwa kidole.

"Hisabati nilipata B," akasema, kama anamwambia mtu mwingine. "Watu nilikuwa nawaambia, hawaamini. Nilipata B!"

Akamkumbatia Bi Taipu, akamkumbatia Fundi Redio na wembe wake mkononi, akamkumbatia hata mama mkwe, ambaye alikuwa amekuja kuuliza kama karata zake zimeguswa. Mwalimu mkuu akaandika barua pale pale, Bi Taipu akaichapa kwa ile mbio yake, na saa nne kasorobo mpishi alikuwa anakimbia barabarani, aproni bado kiunoni. Saa sita haijafika alikuwa amekwisha kuipeleka.

Disketi tano hazikufunguka kamwe. Walijaribu pamba, walijaribu ganda jipya, walijaribu kila walichojua. Na katika hizo tano zilikuwemo zote mbili za mwaka aliomaliza Fundi Redio, ambaye naye alisoma shule hiyo.

"Basi mimi sikusoma," akasema, akijaribu kucheka, lakini ilimkaa moyoni. Aliwafungulia wenzake wote mlango, wake ukabaki umefungwa. Wiki iliyofuata mwalimu mkuu alimletea barua aliyoandika kwa mkono, kurasa mbili. Ilisema kwamba anamkumbuka vizuri, kwamba ndiye aliyeichoma redio ya shule akijaribu kuitengeneza, na kwamba aliitengeneza kweli mwezi uliofuata. Fundi Redio aliitia fremu.

Shule ilipopata orodha zake, watu mia tatu na zaidi walipata uthibitisho mwaka ule wa kwanza. Bi Taipu hakuomba kitu, ingawa mwalimu mkuu alisisitiza sana, mpaka mwisho akakubali kuchukua kopo la biskuti, safari hii likiwa na biskuti.

Alistaafu akiwa na miaka hamsini na nane. Ofisini walimfanyia sherehe ndogo, wakampa bahasha, na kesho yake akaenda nayo moja kwa moja dukani kutafuta kitu alichokuwa amekisoma mwaka mzima: diski ya kisasa isiyozunguka, isiyokoroma, nyepesi kama kipande cha chokoleti. Alipoishika alidhani wamempa ganda tupu.

"Hii ndiyo diski yenyewe, mama," muuzaji akamhakikishia.

Aliifunga mwenyewe. Mikono ilikuwa na mishipa sasa, lakini ilijua njia. Akawaita wote, seremala, Fundi Redio, mama mkwe na fimbo yake. Akabonyeza.

Walikuwa wanajiweka sawa kwenye viti, wakidhani kuna kungoja. Ikawaka, ikafika mwisho, kioo kikasimama kimya kikiwasubiri wao.

"Imeharibika?" seremala akauliza.

"Imemaliza."

"Imemaliza nini?"

"Kuwaka! Sekunde kumi na moja, Baba Pacha!"

"Muongo wewe. Zima, uwashe tena." Akavua saa yake mkononi. Kumi na moja. Akataka tena. Fundi Redio akasema saa ya kaka yake ina haraka, akaleta yake. Kumi na moja. Waliizima na kuiwasha mara saba, watu wazima wanne wenye mvi, na kila mara walipiga kelele upya, mpaka jirani akaja kuuliza nani anacheza na nani.

Mwezi mmoja baadaye shule ile ya nyuma ya soko ilimwita. Mkuu mpya, mwanamke mchangamfu, alimfungulia stoo na kumwonyesha kompyuta kumi na nne zilizofunikwa na vumbi. Wataalamu walikuwa wameshasema ni za kutupa. Bi Taipu alisimama mlangoni, akavuta pumzi ndefu, macho yakiruka kutoka moja hadi nyingine. Akahesabu kwa haraka: tano zina bodi za aina moja. Vijiti vya hizi vitaingia kwenye zile. Feni mbili za kuokoa. Nane zitaamka, labda tisa.

"Naomba meza," akasema, akikunja mikono ya blauzi. "Na kifutio cha penseli. Na mtu wa kushika tochi."

Mkuu mpya akaenda mwenyewe kuchukua tochi.